Kinu Kilicholazwa Ubavu

Paka wa mke wangu hakuwa na jina. Ukimwita nyau nyau, hata kama umeshika dagaa mkononi, anakutazama kama mtu aliyekosea mlango, halafu anaendelea kulamba mguu wake. Kitu kimoja tu ndicho kilimrudisha nyumbani, mlio wa kinu. Mke wangu akianza kutwanga sombe, yaani kisamvu, jioni, ule mchi ukigonga mara ya kwanza tu, paka anatoka huko aliko, iwe kwenye migomba, iwe kwenye mihogo ya jirani, iwe kule bondeni kwenye matete, anakuja mbio mkia juu. Anaingia jikoni, anapewa dagaa wake, mlango wa mbao unafungwa. Hatoki mpaka kumekucha.

Binti yangu ndiye aliyeniambia niandike haya. Mimi shule nimeishia darasa la pili, kwa hiyo nikipotea njia mnivumilie, nitarudi.

Ukoo wa paka huyo ulitoka Mtabila, kambini kwa wakimbizi. Mwaka ule kambi inafungwa na Warundi wanapakiwa kwenye magari kurudi kwao, kulikuwa na mama mmoja aliyezoea kuja kwetu kulima kibarua. Yeye na mke wangu walipendana sana, wakikaa kumenya mihogo utadhani wamezaliwa tumbo moja, Kirundi chake na Kiha chetu vinaingiliana tu. Siku ya kuaga alikuja na kikapu kimefungwa kanga juu. Ndani yake paka. Kwenye gari paka hawapandi.

"Dada, huyu usimpe jina," alimwambia mke wangu. "Mfundishe mlio mmoja, na mlio huo uwe wa chakula. Ukimwita kila siku kwa sauti nyingine, siku ya hatari hatajua asikilize ipi."

"Hatari gani tena, dada? Huku si porini."

"Mawe!" akamaka kwa Kirundi chake, yaani mama wee. "Unaliona hilo bonde lako? Kule kambini paka wote waliolala nje walikwisha."

Akaenda zake. Hatujamwona tena, sijui kama yu hai. Yule paka wa kikapuni alizaa, akazeeka, akafia kitandani kama binadamu, na huyu ninayemsimulia ni mjukuu wake. Wote walifundishwa kinu.

Maana bonde letu kweli lina watu wake. Kuna mondo. Asiyemjua, mondo ni kama paka aliyevutwa miguu, madoadoa kama chui, masikio makubwa, na anaruka juu kuliko mbuzi. Panya ndio chakula chake, lakini kuku haachi, na paka wa nyumbani pia hamwachi. Kuna chatu vilevile, na mchana kuna kipungu angani, huyo ndiye aliyeondoka na mtoto wa paka uani kwetu tukimtazama. Mke wangu baada ya hapo alifyeka majani yote kuzunguka nyumba, akakataza utumbo wa kuku kutupwa karibu, na mimi akanipa kazi ya kuegemeza mti kwenye paa la jiko ili paka akifukuzwa apate pa kupandia. Niliegemeza. Nilikuwa nabisha, lakini niliegemeza.

Siku hizi unga unasagwa mashineni, kinu kimebaki cha sombe tu, na sombe si la kila siku. Siku ambazo halipo, mke wangu alikuwa anatwanga kinu kitupu. Majirani walikuwa wanapita wanacheka.

Mimi namwambia, "Mama watoto, leo tunakula maharage, sasa unatwanga nini?"

"Namtwangia mwenye masharubu."

"Na mimi nina masharubu."

"Wewe hata nisipotwanga unakuja. Ukishasikia harufu ya mawese umefika."

Ndiyo maisha yetu yalivyokuwa. Sikujua kwamba ni maisha mazuri, nilidhani ni jioni tu.

Kiangazi hiki alianza kuumwa. Na kiangazi kwetu ndiyo wakati watu wanachoma nyika. Kila upande moshi, macho yanawasha, na majani yakishaungua, wanyama waliokuwa mbali wanasogea kwenye kijani kilichobaki. Kwetu kijani kilichobaki ni yale matete ya bondeni. Jirani mama, yule wa nyumba ya chini, alipoteza kuku wengi kuliko mwaka wowote. Mondo tulikuwa tunamwona hata jua halijazama, amesimama kwenye majivu kama mtu anayesubiri gari.

Mke wangu tulimpeleka Kabanga, hospitali. Binti alibaki nyumbani akitwanga, mimi nikawa nakwenda na kurudi. Mara ya mwisho kuongea na mke wangu hakuuliza habari za shamba wala za watoto.

"Kinu kinatwangwa?"

"Kinatwangwa."

"Paka analala ndani?"

"Analala ndani."

Akafumba macho, nikadhani amesinzia. Kumbe anawaza. Akasema, "Nisiporudi, asilale nje."

Nikamwambia atarudi. Alirudi kwenye gari, amelazwa, amefunikwa mpaka usoni.

Sasa niwaeleze jambo la ukoo wetu. Kwetu akifa mama mwenye nyumba, kinu chake kinalazwa ubavu, mchi unawekwa chini kando yake, na hapo nyumbani hapatwangwi kitu mpaka matanga yaondolewe. Aliyekuwa anatwanga hayupo, sasa utatwangaje kama vile hakuna kilichotokea? Siku ya kuondoa matanga, mama mkubwa wa ukoo anakisimamisha kinu, anatwanga sombe la kwanza, watu wanakula, wanatawanyika. Mimi nimeyakuta hayo, baba yangu aliyakuta.

Dada yangu mkubwa alifika kutoka Kibondo siku ileile. Ni mwanamke wa amri, huyo. Kabla hajanipa hata pole, alikwenda jikoni, akakilaza kinu. Halafu ndiyo akaja kunishika akalia.

Jioni ya kwanza baada ya kuzika, uani kumejaa watu, turubai limefungwa, paka hayupo. Watu wengi walimtisha, alikimbilia bondeni. Nikachukua dagaa nikasimama nyuma ya jiko, nikaita. Nikagonga sufuria kwa mwiko. Nikagonga debe. Wajomba wa watoto wakanitazama, wakadhani msiba umenipanda kichwani.

Nikamfuata dada yangu. "Dada, naomba kinu kigongwe kidogo tu. Paka yuko nje."

"Paka?"

"Wa marehemu. Haji mpaka asikie kinu."

"Wewe mtoto, mwenzio hata udongo wa kaburi haujakauka, unataka kutwanga kwa ajili ya paka? Watu watasema nini? Watasema ulikuwa unamsubiri afe."

"Aliniambia mwenyewe."

"Wagonjwa wanasema mengi, mdogo wangu. Kaa chini, ule."

Nikakaa. Nimezidi miaka sabini, lakini mbele ya dada yangu mimi bado ni mtoto wa kufukuza ndege shambani.

Kesho yake nikashuka kwa jirani mama. Nikamwambia, shemeji, wewe huna matanga, nitwangie kwako hapa, bonde ni hilohilo, atasikia. Yule mama akanipeleka jikoni kwake akanionyesha. Kinu chake kimelala ubavu.

"Shemeji, nimekilaza kwa ajili yake," akasema, machozi yanamtoka. "Na mwenzangu wa pale juu amelaza. Sote huku tumelaza. Alitupenda, tungefanyaje?"

Ni heshima aliyopewa mke wangu, na hata mimi iliniingia moyoni. Lakini mtaa mzima ulikuwa kimya. Jioni ikifika ulikuwa unasikia kuku na watoto tu, mchi hakuna. Yule mama akasema nikitaka atakisimamisha. Nikamwambia aache. Nilimwonea haya, analia vile.

Jioni moja nilimwona paka. Nilikuwa nimeshuka mpaka mwisho wa mihogo, jua linazama nyuma ya moshi, naye amekaa pembeni ya matete, mwili umekonda. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyumbani, masikio ameyasimamisha, yanageuka huku na huku yanatafuta. Nikamwita polepole. Nikapiga hatua, naye akarudi nyuma. Nikaanza kugonga fimbo kwenye jiwe, nikijaribu kuigiza mlio wa mchi. Masikio yakanigeukia kidogo, halafu yakarudi nyumbani. Haukuwa wenyewe.

Asubuhi ya kuondoa matanga nilishuka tena, nimeacha watu wanachinja mbuzi. Pembeni ya matete pameungua, majivu laini kama unga. Nikaona nyayo zake ndogo, zimepangana vizuri, zinapanda kuelekea nyumbani. Kando yake zikaja nyingine, pana, za mviringo, kwanza zinatembea, halafu zimeachana mbalimbali, mnyama ameruka. Hapo majivu yamevurugika. Zile pana zikaendelea kushuka bondeni. Zile ndogo hazikuendelea.

Nikasimama pale mpaka binti akaniita. Nikapanda, nikanawa miguu. Sikumwambia mtu.

Jioni dada yangu alikisimamisha kinu. Akaweka sombe, akafunga kitenge vizuri, akashika mchi. Halafu akanitazama, na uso wake haukuwa ule wa amri.

"Chukua dagaa," akasema. "Nenda kamsubiri mlangoni. Sasa atasikia."

Kumbe alikuwa na lile neno langu siku zote hizo.

Nikachukua dagaa nikasimama mlangoni. Akatwanga. Ule mlio ulipotoka, huko chini kwa jirani mama kikajibu kinu, na kule juu kingine. Bonde zima likawa linalia vinu. Nilitazama mihogo, haikutikisika.

"Amekuja?"

"Bado."

Akaendelea. Sombe lilishalainika, anatwanga. Binti akamwambia, shangazi, limetosha hilo, chungu kinachemka. Kama hakusikia. Jasho linamtoka, anapiga, anapiga, majani yamekuwa maji matupu.

"Amekuja, mdogo wangu?"

Dagaa walikuwa wameshanata mkononi mwangu. Nikamwambia, "Bado, dada. Ongeza kidogo."