Nyasi za Jangwani

Kiangazi kilipokausha Tongaren, niliswaga ng'ombe wangu kwa miguu hadi kwa shemeji yangu, nje kidogo ya Kitale, ambako malisho bado yalikuwapo. Kila penye jani walisimama. Tulipopita Kipsongo wakavamia meza ya mama mmoja muuza sukumawiki.

"Mzee!" akafoka. "Hizi ng'ombe ni za kanisa gani? Hazijasoma 'Usiibe'?"

Nilimlipa, nikaendelea na safari nikiwafikiria Waisraeli.

Kwa miaka mingi nimefundisha somo la Biblia katika kanisa letu la Tongaren. Ibada ya Alhamisi huzunguka nyumba kwa nyumba: mwenye nyumba hutoa chai na viazi vitamu, mimi hutoa somo. Juma lile niliporudi, zamu ilikuwa ya nyumba yangu, na somo lilikuwa safari ya jangwani. Nikasema wazi kwamba inanishinda kuiamini kama ilivyosimuliwa. Mana ilikuwa chakula cha watu. Mifugo yao ilikula nini miaka arobaini? Na kama mifugo ilikuwapo, kwa nini watu walilia wakidai nyama?

Pasta aliweka kikombe chini. "Mwalimu, mwamba ulitoa maji, na mifugo ikanywa. Imeandikwa."

"Imeandikwa, Pasta. Mimi nauliza nyasi."

"Ati nyasi!" akacheka mama mmoja wa kwaya. "Si Mungu anaweza kushibisha ng'ombe na mchanga, bana?"

"Anaweza, mama. Mbona basi hakutuambia?"

Watu wakacheka. Pasta hakucheka. Wageni walipokuwa wakiaga, alinivuta kando akaniagiza nisimame Jumapili mbele ya waumini nikiri kwamba nimepotoka. Nikikataa, somo litapewa mtu mwingine.

Nililipenda somo lile kuliko cheo chochote nilichowahi kushika. Lakini nimewakemea wafanyabiashara wa soko la Kamukuywa kwa mizani zao za hila, na wanafunzi kwa kuiba mitihani. Ningewezaje kusimama madhabahuni nikadai kujua nisichokijua? Naamini Mungu aliwatoa watu utumwani. Naamini pia kwamba wasimulizi waliukuza msafara, kama sisi tunavyokuza umati wa mazishi ya mtu tuliyempenda: gari tatu huwa kumi kabla matanga hayajaisha, na hakuna anayejiona mwongo. Heshima hiyo naielewa. Kulazimishwa kuiita hesabu ndiko nisikokubali.

Jumapili nilisimama. "Niliuliza swali," nikasema. "Sijajibiwa, na sitalikana." Nikaketi.

Pasta alimtangaza mwalimu mpya papo hapo, kijana mpole, msomaji mzuri. Mke wangu alinishauri nikae nyumbani hadi watu wasahau. Alhamisi nilivaa koti, nikachukua Biblia yangu, nikaenda kwenye nyumba yenye zamu, nikaketi mbele kabisa, palipokuwa na nafasi pande zote mbili. Kijana alifundisha vyema. Alipouliza kama kuna mwenye swali, macho yake yakinikwepa, niliinua mkono.