Epinari Haitwangwi

Epinari haitwangwi. Ni mboga ya majani laini: inakatwakatwa kwa kisu, au kama kisu kimepotea inanyofolewa kwa vidole, inatupwa kwenye mafuta ya mawese yaliyopata moto, basi. Hapa Kindu hata mtu asiyejua kuwasha jiko anajua hivyo. Kinachotwangwa ni sombe, majani ya muhogo, kwa sababu ni magumu na yana uchungu, na ukiyapika bila kuyatwanga utajuta.

Hata hivyo kuna siku, mvua inapopiga mabati kwa nguvu, mimi hutoa kinu, nikatia epinari ndani na kutwanga. Binti yangu, ambaye amemaliza shule na ana maoni juu ya kila kitu, hunitazama kutoka mlangoni.

“Mama, epinari nayo inatwangwaka?”

“Leo inatwangwa.”

Simwelezi. Sipendi kuelezwa wala kueleza. Lakini wiki hii amekwenda Lubutu kwa shangazi yake, nyumba imetulia, na mimi nimekaa na fungu la epinari mapajani nikiondoa vikonyo.

Mwaka jana aliniletea daftari akataka nimtajie vipimo vya epinari yangu ya kila siku. Vijiko vingapi vya mafuta? Nyanya ngapi? Nilimwambia mafuta ni yale yaliyopo na nyanya ni zile ambazo hazijaoza. Osha majani mara tatu, kwa kuwa mchanga kwenye meno unaharibu hata mazungumzo. Kaanga kitunguu, tupa nyanya, tupa ndakala wakavu, wale dagaa wetu, kama wapo, na kama hawapo usiwalilie, tia karanga za kusaga. Majani yaingie mwisho. Usiongeze maji, epinari inajitolea maji yake yenyewe. Pilipili moja nzima juu, usiipasue. Aliandika yote hayo kisha akauliza chumvi kiasi gani, nikamwambia afunge daftari.

Ninapika kwa kubahatisha kwa sababu nilijifunza kupika wakati hakukuwa na kitu cha kupima. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mji ulikuwa umezingirwa. Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa haupitiki. Waliojaribu kuvuka kwenda kuchuma sombe, wengine walirudi mikono mitupu na wengine hawakurudi. Tulibaki na kilichokuwa uani: mgomba mmoja, mchikichi mmoja, na epinari iliyojiotea nyuma ya bafu la mabati, pale maji ya kuogea yalipotokea. Ile ya kutambaa, yenye majani manene. Kabla ya vita hakuna aliyeiangalia. Ilipanda ua, ikafunika choo, tukaiacha.

Mle ndani tulikuwa watu watatu: mama, mimi na Koko, yaani bibi yangu, mzazi wa mama. Koko alikuwa mkulima wa upande wa Pangi, aliletwa mjini macho yalipofunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli tu. Aliketi kwenye kirago chake karibu na mlango na kusikiliza uani. Kwao, msichana hupimwa kwa mchi wake. Mzee wa nyumba humsikiliza akitwanga, na kwa sauti hiyo hujua kama ni mvivu, kama ana hasira, kama sombe imelainika au bado. Kabla ya vita Koko alikuwa akikaa pale mlangoni akitaja majirani mmoja mmoja kwa michi yao. Huyu amegombana na mume wake. Yule leo ana wageni. Tulimcheka, lakini mara nyingi alikuwa sahihi.

Vita vilipokuja, sauti hiyo hiyo ilitugeuka. Askari walikuwa na njaa kama sisi, tofauti ni kwamba wao walikuwa na bunduki. Waliposikia mchi, walijua pale pana chakula. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walifuata sauti ya kinu, wakala sombe yote, kisha wakaondoka na chungu, godoro na mwenye nyumba awabebee. Siku hiyo hiyo mama alikipindua kinu chetu kichwa chini na kukikalia.

“Kinu inyamaze,” alisema. “Mutu asitwange hapa mpaka mambo itulie.”

Ndipo tukaanza kula epinari. Ilikuwa chakula cha kimya. Mafuta tuliyapata kwenye mchikichi, chumvi ilikuwa ya majivu ya maganda ya ndizi, iliyochujwa kwenye kitambaa, yenye ladha ya sabuni. Tulikula mchana, tukala na kesho yake. Mimi sikulalamika kwa sababu mama alinikataza kulalamika. Koko naye hakulalamika. Aliacha tu kula.

Alikuwa akipokea sahani, anaweka vidole viwili, anaonja, anairudisha.

“Hii njo majani ya mugonjwa,” alisema. “Mimi siko mugonjwa.”

“Mama, hakuna kingine,” mama alimwambia.

“Sijasikia mutu akitwanga. Sasa mumepika nini?”

Hakuwa na ukaidi, nadhani. Njaa yake ilikuwa imezoea kuamshwa kwa sikio, na sikio halikuwa limepata kitu. Alivaa bangili ya shaba mkono wa kushoto, aliyovishwa siku ya kuolewa. Zamani ilikuwa haivuki kifundo cha mkono. Sasa alipoinua mkono kujikuna ilishuka mpaka kwenye kiwiko. Mama aliitazama bangili ile kila siku, nami nilimwona akiitazama. Tulijua wote wawili kwamba Koko asipokula hatafika mwisho wa msimu ule.

Wazo lilinijia siku ya mvua kubwa. Ninyi mnaoishi chini ya mabati mnajua: mvua ikishika sawasawa, mtu aliye chumba kimoja nawe lazima apige kelele ndipo umsikie. Nikafikiri, barabarani hakuna atakayesikia mchi. Mama alikuwa amekwenda kwa jirani kuomba moto, na mvua ilimzuia huko. Nikageuza kinu, nikakiingiza ndani, nikakiweka hatua mbili kutoka kwenye kirago cha Koko, nikatia epinari nikaanza kutwanga.

Kosa langu nililiona kwa pigo la kwanza. Epinari mbichi ina maji. Iliruka ikanipata machoni, kwenye ukuta, kwenye nguo ya Koko. Iliyobaki kinuni ilikuwa uteute unaovutika, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea kwenye matope.

Koko aliinua kichwa.

“Nani anatwanga?”

“Njo mimi, Koko.”

“Unatwanga kama mutu anakimbiza mwizi. Inua mchi, acha ianguke yenyewe.”

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kunikosoa, nikafurahi sana. Uteute ule niliupika na mafuta ya mawese, haukufanana na chochote. Koko alikula vijiko vinne. Akasema sombe yangu imekosa mkono, lakini akala.

Mama aliporudi aliona ukuta wa kijani. Nilimweleza nikingoja kofi. Alikiangalia kinu, akamwangalia Koko akijipangusa mdomo, kisha akaniambia mara nyingine niyaanike majani kwanza yanyauke. Kwa hiyo tukawa na utaratibu. Asubuhi niliyaanika majani juani yapoteze maji. Nilichanganya na majani ya maboga niliyoomba kwa jirani, ambayo yana nywele na yanaupa mchi kitu cha kupigana nacho. Mawingu yakijikusanya, nilikaa tayari. Mvua ikikolea, nilitwanga. Koko alinisikiliza na kunirekebisha, na akala. Siku isiyo na mvua hakula. Mimi na mama tukawa watu wa kuangalia mbingu tangu asubuhi.

Halafu mvua zikakatika. Wiki ya kwanza Koko alirudisha sahani bila hata kuonja. Wiki ya pili bangili ilipita kiwiko. Niliomba mvua kwa maneno ambayo nisingependa kuyarudia, mengine yalikuwa matusi.

Adhuhuri moja, jua likiwa kali na barabara iko kimya kabisa, mama alitoka kwenda uani na kinu begani. Yeye mwenyewe, aliyekipindua. Alikiweka katikati ya ua, akatia majani, akashika mchi. Nilimwambia, mama, watasikia. Alisema anajua. Akatwanga taratibu, mapigo sawasawa, na mle ndani nikasikia Koko akicheka.

“Huyo njo binti yangu,” alisema. “Huyo mimi nilimufundisha.”

Askari alikuja kabla chungu hakijaiva. Mmoja tu. Alikuwa mwembamba, viatu vyake havikuwa vya jozi moja. Alisimama mlangoni na bunduki yake, akauliza munatwanga nini. Mama akasema sombe, kwa kuwa Koko alikuwa pale. Askari akaketi bila kukaribishwa. Chungu kilipoiva mama akapakua sahani mbili, moja ya Koko, moja ya askari. Mimi nilisimama nimeegemea ukuta, na mkojo ulinitoka kidogo. Sioni aibu kulisema sasa.

Askari akatia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha.

“Hii haiko sombe,” alisema. “Hii njo epinari. Munanidanganya?”

Nilimwangalia Koko, siyo askari. Nilikuwa nikiogopa uso wake zaidi ya bunduki. Alikuwa na tonge mkononi. Hakulirudisha.

“Baba,” Koko alimwambia, “weye uko mutoto wa wapi?”

“Wa Obokote.”

“Kwenu mama yako alikuwa anatwanga?”

“Ndiyo, Koko.”

“Na leo umesikia mchi?”

“Nimesikia.”

“Basi ni sombe. Kula.”

Askari akala. Alimaliza, akalamba vidole, akaomba maji. Alipoondoka alichukua mchi wetu, sijui kwa nini, labda ilimbidi achukue kitu. Hakuchukua kingine.

Koko aliendelea kula mpaka sahani ikaisha, akaiweka chini, akamgeukia mama.

“Usitwange tena. Kesho uniletee hiyo epinari hivi hivi.”

“Utakula?”

“Nitakula.”

Na alikula. Kila siku, kimya, majani ya mgonjwa, kama mtu anayemeza dawa. Sikumsikia akilalamika tena hata mara moja. Iliniuma kuliko alipokuwa akikataa, kwa sababu nilijua hakuipenda, na nilijua alikuwa anakula ili mama asiazime mchi mwingine na kutwanga tena mchana kweupe. Sikumwuliza kama alijua tangu siku ile ya kwanza ya mvua. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumwuliza, niliogopa jibu.

Bangili ilirudi chini polepole. Koko alifika mwisho wa msimu ule, na wa uliofuata.

Njia za mashamba zilipofunguka, mama alivuka mto na kundi la wanawake. Shamba lilikuwa limekuwa msitu, lakini mihogo ilikuwa bado imesimama humo ndani. Alirudi na gunia la majani machanga na mchi mpya. Mtaa mzima ulitwanga siku hiyo. Mchi ulisikika kila ua, na Koko aliketi mlangoni akitaja watu. Mama alipika sombe kama ya siku ya harusi: mawese mapya, karanga, samaki wa kukausha, chumvi ya dukani. Aliipika tangu asubuhi hadi alasiri. Akampakulia Koko wa kwanza, akasimama mbele yake mikono kiunoni akingoja sifa.

Koko akala tonge la kwanza. Akatafuna kwa muda mrefu. Akala la pili.

“Iko muzuri,” alisema. “Lakini ile ya mutoto, ya wakati wa mvua, ilikuwa tamu kuliko hii.”

Mama alinuna mpaka siku ya tatu. Mimi nilikwenda nyuma ya bafu, nikasimama kwenye ile epinari, nikalia.