Pumua, Hatujitwishi Debe

Coleta amelala chali mkekani, magoti juu, mashavu yamevimba kwa pumzi aliyoibana.

“Pumua, mwanangu! Hapa hatujitwishi debe!” anafoka Evodia Nestory.

Mtaalamu huyu wa tiba ya viungo hupanda gari kutoka Sumbawanga mjini kila wiki kuwafundisha wanawake wa kijiji cha Chala. Darasa lake ni ghala la ushirika, lililobaki na panya tangu wanunuzi binafsi waanze kuyafuata mahindi shambani.

Kosa la Coleta ni la karibu wote. Mwanamke aliyekulia kujitwisha mizigo, ukimwambia kaza, hubana pumzi, matako, hata taya. Pumzi hiyo huisukuma chini misuli ileile inayobeba kibofu na kizazi.

“Anajifungua Jumatatu, Ijumaa ana debe kichwani,” anasema Evodia. “Misuli ikilegea, anaambiwa ndiyo ukubwa, avumilie. Ukubwa gani kwa mtu wa miaka ishirini na tisa?”

Coleta amevumilia miaka mitatu. Akikohoa, mkojo unamtoka. Misa ameacha.

“Niliogopa kulowesha benchi la kanisani,” anasema. “Sasa naanza kuzuia. Nikikatisha hapa, narudi kulekule.”

Mazoezi huchukua miezi: kukaza kwa kuvuta juu, kuachia, huku unapumua. Anayevuja mfululizo usiku na mchana, Evodia humpeleka kwa daktari. Huyo huenda akahitaji upasuaji.

Ugomvi umezuka kwa sababu ya mfano mmoja. Evodia alipoona wanawake hawaelewi, aliwaambia: “Kaza kama unazuia ushuzi mbele ya padri.” Wakaelewa papo hapo. Mpita njia naye akasikia, akawafikishia wazee.

Leo mwenyekiti wa kijiji, Eustaki, amesimama mlangoni, kawapa mgongo wanawake.

“Shikamoo, baba mwenyekiti,” Evodia anamsalimu.

“Marahaba. Dada, wazee wamekaa kikao. Jumapili uombe radhi mbele ya watu, la sivyo ufunguo wa ghala urudi.”

“Kwa kosa gani?”

“Umemtaja padri na… na kile kitu.”

“Kwani padri hana tumbo?” Zita, mmoja wa wanafunzi, anadakia kutoka mkekani. Ghala zima linaangua kicheko.

Evodia hacheki. Anamwekea Eustaki ufunguo kiganjani.

“Wiki ijayo tuko uani kwa Zita. Mwakani nafungua darasa Muze. Wanawake wameoza kwa aibu miaka yote hii na hakuna mzee aliyekaa kikao.”

“Kwa hiyo niwaambie nini?”

“Waambie siombi radhi.”