Mkono Wangu Kwenye Kilima cha Minago

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili kiboko alipokalia baiskeli ya baba. Hesabu za miaka msinibane sana, maana shule niliiacha darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisoma mara mbili. Tulikuwa tunalima lengalenga kandokando ya ziwa, Bujumbura ya chini kule, na kiboko alikuwa anapanda kula mboga zetu kama mtu aliyealikwa. Siku hiyo alikuja mchana kweupe. Baba akatupa jembe, mimi nikatupa baiskeli, kila mtu na njia yake. Tuliporudi gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjika kama chapati. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Utaitengeneza." Nilinyoosha spoku moja moja, kwa jiwe na nyundo ya kuazima, hadi mvua zikaja zikaisha.

Mtauliza kiboko anaingiaje kwenye habari za mashindano. Anaingia hivi: gurudumu lile ndilo lililonifanya fundi. Na fundi mwenye baiskeli hakai bure. Niliipakia madumu ya mawese Rumonge nikayashusha Bujumbura, miaka na miaka, mpaka magoti yakakataa. Nikarudi kuwa fundi kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Kaka yangu alipofariki, binti yake Mapendo akawa anakuja kwangu kila jioni akitoka shule, anakaa juu ya tairi kuukuu. Siku moja nikampandisha kwenye kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli huku, nikashika kiti, nikakimbia naye. Nikaachia. Hakuanguka.

Leo Mapendo ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, miaka thelathini na miwili. Alfajiri anafanya mazoezi, mchana anashona. Mwaka huu akaja kibandani kwangu, hakukaa.

"Baba mudogo, kuna mashindano ya siku mbili. Jumamosi tunaenda Rumonge, Jumapili tunakimbia kulekule. Wanawake watatu wa kwanza wataitwa kwenye kambi ya timu ya nchi."

"Na wewe utakuwa mmoja."

"Nisipokuwa mmoja mwaka huu, basi. Mwaka kesho wataniambia niende kushona."

Hiyo ndiyo sababu ya safari. Nikafunga mfuko wangu wa vyombo vya ufundi, na huko Rumonge nilikuwa sijafika tangu magoti yaharibike.

Bujumbura, Jumamosi, saa moja asubuhi. Wanawake kumi na wanane barabarani, kinga nyembamba, suruali za kubana. Wazee wenzangu wakatazama chini, halafu wakatazama tena. Mama mmoja muuza maandazi akapaza sauti, "Wee Mapendo! Watoto umewachia nani?" Mapendo akamjibu bila kugeuka, "Baba yao iko na mikono miwili!" Watu wakacheka, filimbi ikalia, wakaondoka.

Mimi nilipata nafasi kwa Byamungu, Mkongomani wa Fizi, mchuuzi wa samaki, ana kamyoneti yake. Alikuwa anakwenda Magara kuchukua ndagala, dagaa wa ziwa letu, akakubali kufuata nyuma ya msafara. Dereva mzuri, ila anaongea kuliko mimi, na hilo ni shida. Alinisimulia ndoa zake tatu kabla hatujafika Kabezi.

Gitaza. Harufu ya ndagala ilitupokea kabla ya watu. Zimeanikwa mpaka ukingo wa lami, na akina mama wameinuka, kila mmoja amesimama mbele ya ndagala zake kama askari, wasije kukanyagiwa. Nikaona mgongo wa Mapendo mbali mbele, nambari kumi na moja, upo kwenye kundi la kwanza. Nikapiga kelele hadi Byamungu akanyamaza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Magara nikashuka, nikampa Byamungu mkono, nikapanda pikipiki ya kukodi. Barabara ile yote naijua kwa miguu. Hapa lazima niwaeleze kitu, maana bila hicho hamtanielewa, mtanihukumu tu.

Sisi wachukuzi wa mawese tulikuwa na desturi yetu. Mwenzako akiwa amepakia na kilima kimemshinda, unaweka mkono mgongoni kwake, unasukuma. Huombwi. Hushukuriwi. Awe Mrundi, Mkongomani, Mwislamu, Mkristo, awe hata yule mliyegombana jana. Anayempita mwenzake kilimani mikono ikiwa mfukoni, jioni hakuna anayekaa naye kula. Mimi mwenyewe nimesukumwa na watu ambao sura zao sikuziona hata siku moja, naijua mikono yao tu. Na kilima kilichokuwa kinatumaliza ni hiki cha karibu na Minago. Si kirefu. Lakini kinakuja pale ambapo miguu imeshachoka kudanganywa.

Rumonge, saa nne kasoro. Wameshamaliza. Mapendo wa tatu! Wa nne ni msichana wa Gitega, mwembamba kama spoku, Mapendo amemwacha kwa sekunde chache tu. Wakatueleza kwamba muda wa siku zote mbili utajumlishwa, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwenye Jumapili.

Tulifikia kwa Mama Salima, mjane wa mwenye duka niliyekuwa nachukua mawese kwake zamani. Mababu zake Waarabu wa Omani, yeye mwenyewe Mrundi wa Rumonge hasa, anakutukana kwa lugha tatu. Akanishika mashavu mlangoni.

"Wewe mzee bado hujafa?"

"Nilikuwa nangoja unialike kula kwanza."

Tukala bugali na ndagala za mawese mchana ule. Mapendo alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji, anatafuna polepole. Akaniita.

"Baba mudogo, unisikilize vizuri. Kesho usiniguse."

"Nikuguse kwa nini?"

"Nakujua. Ukiniona kwenye kilima mukono utakuwasha. Sheria inakataza. Mutu wangu akinisukuma, wananitoa. Kaa hapo, piga kelele, basi."

"Nimesikia."

"Sema hutanigusa."

"Sitakugusa," nikasema, mdomo umejaa bugali. Mama Salima akasema, "Mimi ni shahidi." Tukacheka wote watatu. Nataka mjue kwamba niliambiwa. Sikukosa kwa kutojua.

Jumapili, saa mbili asubuhi, kilima cha Minago. Wanatoka Rumonge, wanageuka Minago, wanarudi, mara mbili. Nilisimama juu karibu na kilele, pamoja na wachuma chikichi na wenye pikipiki. Mzunguko wa kwanza Mapendo akapita sambamba na yule wa Gitega, akanikonyeza. Moyo wangu ukawa mkubwa kama dumu.

Mzunguko wa pili, wakirudi kutoka Minago, nikamwona wa Gitega peke yake. Mapendo nyuma yake, kama urefu wa miti ya umeme mitatu. Mabega yanayumba. Nililijua lile yumbo. Nimeliona kwa wanaume walioweka kinga chini wakakaa pembeni wakalia. Akanikaribia, nikamsikia anavyopumua, na mimi nikaanza kukimbia pembeni yake. Naapa nilikuwa nakimbia tu.

Halafu mkono ukawa mgongoni kwake, juu ya ile kumi na moja.

"Baba mudogo, hapana! Hapana!"

Nikasukuma. Mita kumi, labda kumi na tano, mpaka kilele. Akateremka upande wa pili kama jiwe, na watu wakashangilia. Nikabaki nimeinama, nashika magoti, nina furaha. Ndiyo, furaha. Siwezi kudanganya.

Pikipiki ikasimama. Kijana mwenye fulana ya waamuzi akanisalimia kwa adabu, "Muzee, amahoro. Panda hapa nyuma, twende pamoja." Mimi nikadhani wananipeleka kwenye heshima. Jamani! Njia nzima hadi Rumonge nilikuwa napungia watu mkono. Kuna mama alinirudishia kwa kanga yake. Nikikumbuka mkono ule unaopunga, hapa ninapoandika, natamani kuingia chini ya meza.

Rumonge, mstari wa mwisho. Mapendo alikuwa amemkamata wa Gitega kwenye tambarare, wakaingia pamoja, nafasi ya tatu ikabaki yake. Labda angemkamata bila mimi. Hilo hatutalijua kamwe, yeye wala mimi.

Mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye miwani, alisimama kati yetu na daftari. Watu wakazunguka. Akaeleza taratibu, kila mtu asikie, kwamba mtu wa barabarani akimgusa mshindani bila kuombwa, mshindani hana kosa. Lakini akiwa mtu wake, aliyekuja naye, anatolewa. Akamgeukia Mapendo.

"Unamujua huyu muzee?"

Mapendo alikuwa ameshika kinga kwa mikono miwili. Akanitazama machoni, muda mrefu kidogo. Najua sasa alikuwa ananiomba. Akasema:

"Simujui."

Ilikuwa imekwisha. Yule mama alikuwa ameshafunga daftari. Kilichobaki ni mimi kunyamaza, kazi ambayo hata jiwe linaiweza. Lakini kijana mmoja nyuma akasema, "Kumbe muzee anashikashika wanawake wa watu barabarani!" Wakacheka. Mwingine akaongeza, "Muangalie magoti, na bado ana hamu!" Kicheko kikapanda, na mimi katikati yake, mzee asiyejulikana mwenye mkono mchafu.

Nikasema, "Hanijui? Mimi? Huyu ni mutoto wa kaka yangu! Kinga nilimfundisha mimi, baba yake akiwa kaburini! Mumuulize jana amekula na nani!"

Kicheko kikakatika. Yule mama akafungua daftari tena. Alinitazama kabla ya kuandika, kama ananipa nafasi ya kusema nimekosea, na mimi sikuitumia. Akapiga mstari juu ya kumi na moja. Wa Gitega akaanza kulia, hajui ni kwa furaha au kwa aibu yetu.

Watu huwa wanaandika mwishoni walichojifunza safarini. Mimi nilijifunza kwamba kitendo cha kilimani kilikuwa cha mkono, na mkono una mazoea yake, Mungu anajua. Lakini cha kwenye mstari kilikuwa cha kwangu mimi. Binti alinikana kwa sekunde moja ili apate kitu alichokitafuta miaka yote, nami nikamnyang'anya ili watu nisiowajua wasinicheke. Nimebeba mawese ya watu wengi na sikuwahi kumwaga hata dumu moja. Hili nililimwaga lote.

Watu walipotawanyika, Mapendo alifungua pini, akaitoa nambari mgongoni, akaikunja mara nne vizuri, kama kitambaa cha mteja. Hakulia. Akaisogeza kinga karibu nami.

"Baba mudogo, umekula?"

Bora angenitukana. Nikatazama viatu vyangu, nikatazama ziwa, nikampa mfuko wa vyombo.

"Nishikie," nikasema. "Nakuja sasa hivi."

Akaupokea, akauning'iniza kwenye usukani, akaegemea ukuta wa duka la Mama Salima kunisubiri. Nikapita soko la samaki, nikapita madumu yaliyopangwa juani, nikafika barabara ya kutoka mjini. Sikugeuka. Nyuma nikamsikia Mama Salima anaita kwamba chakula kiko tayari. Uso wa kumtazama sikuwa nao; nikaendelea kutembea, na sikurudi.