Tasnifu ya Limbert na Bendi ya Mama Yake

Limbert Colque alianza kuitwa Injinia mwaka wa kwanza wa chuo, kabla hajajua kutofautisha jiwe lenye madini na jiwe la kujengea choo. Ndivyo tulivyo hapa Oruro, mji wa migodi wa Bolivia: mtoto akiandikishwa tu kitivo cha madini, mtaa mzima unamvisha cheo. Akanunua kofia ngumu nyeupe, ile ya wakubwa wa mgodini, akaenda nayo sokoni, benki, hata kwenye ubatizo wa mwanangu. Chini mgodini ndiko haikufika.

Nisimwonee, chuo kilimfundisha. Kwa miaka alichimba milima ubaoni kwa chaki, akaiwekea nguzo, akaipasua kwa baruti ya kuchora, na hakuna kokoto iliyomwangukia. Mazoezi ya vitendo yalikuwa basi la chuo kuwafikisha langoni, wakapiga picha, wakala, wakarudi. Walimu hawakushuka hata kwenye basi, maana nje kuna baridi.

Ikabaki kutetea tasnifu. Yake ilihusu namna ya kuwafikishia hewa wachimbaji walio chini kabisa. Kitivo kilishamwahirishia mara mbili. Akishindwa safari hii, shahada hana.

Mama yake, Bi Saturnina, hakuwa na wasiwasi. Aligawa usimamizi wa sherehe kama kawaida yetu, kila mmoja agharamie kitu: msimamizi wa pete ya shahada, wa bia, wa bendi, mimi nikapewa keki. Tukajazana kwenye korido kusubiri. Kwetu mlango ukifunguliwa, mtu amefaulu: unaingia, unammwagia vikaratasi vya rangi kichwani, bendi inapiga.

Mlango ukafunguliwa.

Bi Saturnina aliingia kama mafuriko. Vikaratasi vikamwangukia Limbert, vikawaangukia na walimu watatu. Tarumbeta kubwa ikamziba mmoja wao asionekane kabisa. Mimi nikaitua keki mezani, juu ya tasnifu.

Mwenyekiti, Injinia Urquidi, alingoja bendi iishiwe pumzi.

"Mama, tumefungua mlango kwa sababu humu kuna joto."

"Kwani hajafaulu?"

"Nimemuuliza swali, nangoja jibu."

"Limbert, mjibu mwalimu wako, bia inapata moto."



"Nimemuuliza," Urquidi akasema, "alipokuwa akipima hewa ya chini, alisimama wapi."

"Langoni," Limbert akasema. "Ya chini alinipimia mjomba Zenobio."

"Zenobio huyu wa bia?" mama yake akauliza.

Zenobio, mchimbaji tangu ujana, akashusha chupa. "Nilimwingiza, dada. Tukafika kwenye sanamu ya Tío, mwenye mgodi, nikamwambia ampe majani ya koka kama watu wote. Akasema yeye mtu wa sayansi, hamwogopi shetani wa udongo. Taa ikafifia kidogo, sayansi ikatoka mbio."

"Mwanangu ana ugonjwa wa kifua," Bi Saturnina akasema.

"Kifua gani, Mama?" Urquidi akasema. "Kila kanivali namwona anacheza ngoma ya mashetani kutwa, kavaa pembe na kinyago kizito. Sikiliza: akapime mwenyewe. Asipopima, tasnifu hii ni ya mjomba, na shahada tutampa mjomba."

"Mimi msinitie humo," Zenobio akasema. "Nina kazi."

Bi Saturnina akafunika keki. "Mgodi uko wazi leo?"

"Leo Ijumaa, uko wazi," Zenobio akasema.

"Bendi, beba vyombo. Na nyie walimu, mnakuja?"

Mmoja akakumbuka kikao, mwingine goti. Urquidi alikuwa na vyote viwili.

Tukapanda kilimani, Limbert na tai yake mbele. Kwa mila wanawake hatuingii mgodini, basi tukabaki langoni. Mama yake akamjazia koka mfukoni.

"Msalimie Tío kwanza. Sayansi utamweleza ukitoka."

Limbert alisimama pale mpaka mpiga ngoma akaanza kupiga miayo. Kisha akainama, akamfuata mjomba wake.

Walikawia. Alipotoka alikuwa na rangi ya majivu, karatasi ya vipimo imekunjamana mkononi.

"Amefika chini?" Bi Saturnina akamuuliza kaka yake, hakumuuliza mwanawe.

"Amefika," Zenobio akasema. "Amelia njia nzima, lakini mkono ulikuwa unaandika."