Landrova ya Babu na Kipaza Sauti cha Kanisani

Jamani, acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana huku Vudee kila nikipita dukani kuna mtu anageukia ukutani kucheka. Aibu niliyoipata mwaka huu niliitafuta kwa miguu yangu, nikaipandia basi, nikaitafutia na kipaza sauti.

Mnaikumbuka ile Landrova ya babu iliyolala migombani miaka yote, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mwaka huu nikaamua kuifufua, nikaiburuza mpaka gereji Same mjini, nikashinda nayo huko hadi ikakohoa, ikawaka, nikaipandisha mlimani huku machozi yananitoka (sioni haya kusema). Wazee wakawa wananisimamisha njiani, wanaipapasa bodi, wananiambia Mungu akubariki mwanetu, umetukumbuka. Nami naitikia kifua mbele, nikijua wanausifu ukoo wetu.

Sasa jirani yangu Zefania alikuwa anadai gari la kwanza hapa kijijini lilikuwa la kwao, na mnatujua Wapare, jambo kama hilo haliachwi hivi hivi, mtu yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Kwenye dashibodi kuna kibati kidogo chenye jina la duka la Moshi lililoliuza gari likiwa jipya. Nikasema moyoni, dawa ya Zefania ndiyo hii.

Nikateremka mlima, nikapanda basi, tukapita Lembeni hata sikununua ndizi kwa haraka niliyokuwa nayo. Lile duka siku hizi linauza magodoro (nilisimama mlangoni nusura nilie), lakini mwenye magodoro akanielekeza kwa Mzee Temba, aliyekuwa muuza magari hapo ujanani. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha picha ya gari kwenye simu, mzee wa watu akainuka kitini.

"Hii ni ile ya Vudee," akasema. "Naikumbuka kuliko harusi yangu."

Akataka kuanza kunisimulia, na hapo ndipo nilipoharibu: nikamzuia. Kwa furaha niliyokuwa nayo, nikataka uhondo wote akaumwage mbele ya Zefania.

"Una hakika hutaki kusikia kwanza?" akaniuliza.

Nikamwambia asinimalizie utamu.

Basi Jumapili ya mavuno, mnada wa mahindi na mbuzi ulipokwisha, nikaisogeza Landrova mpaka mbele ya kanisa, inang'aa, nikampa Mzee Temba kipaza sauti, na Zefania nikamkalisha kiti cha mbele kabisa (nilikifuta vumbi kwa leso yangu). Mzee akaanza kwa utani, kwamba ukiona Mchaga anawasaidia Wapare kwenye kesi ujue leo mvua itanyesha, watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Kisha akaeleza kwamba siku ya kuliuza gari hili, uani mwa duka lao waliingia Wapare kundi zima na sufuria lao la makande, kijiji kizima kilikuwa kimechanga kwa kuchoka kuwashusha wagonjwa Same kwa machela, na kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake apokee ufunguo peke yake, waliupokea wote, mikono imerundikana.

"Na babu yangu?" nikauliza, na sauti ikatokea kwenye spika zote.

"Babu yako alikuwa dereva. Ndiye pekee aliyejua kuendesha."

Nikamgeukia Bibi Namkunda, ambaye nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ua tu, nikamwuliza kama ni kweli. Bibi akanishangaa.

"Lilipokufa tulimwachia alitunze. Kwani wewe ulikuwa unamtengenezea nani, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipozielewa zile baraka zote za njiani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Zefania akainuka taratibu, akafungua mlango, akakaa ndani ya gari langu, akasema marehemu baba yake naye alichanga. Basi watu wakalivamia kwa vigelegele, wengine juu ya boneti, mzee wa kanisa akaniomba ufunguo kwa upole, nikautoa, na mikono ikarundikana juu yake vilevile.

Kumbe kuendesha hawajui. Zefania akajaribu, likaruka kama mbuzi, likazima. Akajaribu mwingine, likazima. Mwishowe wote wakaniangalia mimi, na siwafichi, nilipoingiza gia na wale wazee nyuma wakaanza kuimba, furaha ilinishinda aibu.

Ila nimekoma. Mtu akija tena na habari za kwetu, nitazisikia kwanza chumbani, mlango umefungwa, na kabla ya kwenda Moshi nitamwuliza Bibi Namkunda hapo uani. Sasa niacheni niende, hiyo honi mnayoisikia ni Zefania, anataka nimpeleke Same, na kiti cha mbele ameshakikalia.