Emérence na Sufuria za Mahabusu

Saa mbili asubuhi, mvua inanyesha, na Emérence amesimama na wanawake wenzake mbele ya mahabusu moja ya Bukavu. Kila mmoja ameshika sufuria. Yake ina fufu na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Hana ndugu humo ndani. Chakula anakipeleka kwa jina la mtu anayetafutwa na jamaa zake.

Emérence, jina tumelibadilisha, ni mchunguzi wa tume ya haki za binadamu. Sheria inamruhusu kuingia popote mtu alipofungwa. Sheria ipo, ina mhuri, na hapa haifungui hata komeo. Alipokuja na kitambulisho cha tume, alifukuzwa kama mwizi wa kuku.

"Kadi wanakatala, chakula wanapokea," anasema. "Sufuria ikirudi tupu, tunajua mutu iko."

Tume haina gari. Wenzake wengi wamekimbia mji, na mashahidi wanaogopa hata kumsalimia barabarani. Alibaki na njia hiyo ya sufuria, na ndiyo iliyomponza.

Bintu, mama kutoka Luhwindja, anamtafuta mwanawe Mugisho, mchimba dhahabu aliyekamatwa mjini. Kila sufuria aliyompelekea ilirudi tupu. Emérence akamhakikishia kwamba mwanawe yu hai, anakula. Tume ikaacha kumtafuta kwingine.

Kisha siku moja Bintu alikosa sombe sokoni, akapika ndagala, dagaa wa ziwani. Sufuria ikarudi imelambwa.

"Mugisho hakulaka ndagala, Maman," Bintu alimwambia. "Toka mudogo, inamuvimbisha mudomo."

Waliokuwa wakila ni walinzi. Tangu lini, hakuna anayejua. Mugisho mwenyewe yuko wapi, hakuna anayejua pia.

"Nilimudanganya mama wa watu," Emérence anasema, na machozi hayafichi. "Sikupenda, lakini nilimudanganya."

Jumapili kwaya ya parokia huruhusiwa kuingia kusali na wafungwa. Emérence amejiunga nayo. Kuimba hajui, na walinzi wameanza kuizoea sura yake; wakimtambua, huenda asitoke. Anataka tu kutazama kila uso.

Bintu amekubali aingie kumtafuta Mugisho, kwa sharti moja.

"Ukimukosa, usinipigie telefone," amemwambia. "Ukuje we mwenyewe, uniambie niko nakuona."